Kesi ya Kwoyelo na ndoto ya federo: nani hasa anaamua nani ashtakiwe?

Hoja ya federo, yaani nchi kugawanywa majimbo yenye madaraka yake, huwa haifi Uganda, inalala tu alafu inaamka, na siku hizi imeongezewa mkia, ati tukipata federo kila jimbo litakuwa na DPP wake, yaani mkurugenzi wa mashtaka, basi mambo ya Kampala kuamulia watu wa Gulu au Arua nani apelekwe kortini yataisha. Mimi leo siipingi federo wala siipigii kampeni. Nataka tu hiyo hoja ya DPP tuipime kwa kesi moja ambayo kila mtu wa huku kaskazini anaijua, kesi ya Thomas Kwoyelo, maanake pale ofisi ya DPP ilifanya jambo ambalo wazee wengi wa Acholi hawakulitaka, korti ikaiambia iache, ikakataa, na mwisho wa siku ikashinda.

Kisa chenyewe kiko hivi. Kwoyelo ni mtu wa Pabbo, Amuru, na mwenyewe alisema waasi wa LRA, wale wa Joseph Kony, walimteka 1987 akiwa mtoto njiani kwenda shule. Akakulia huko huko msituni, akapanda vyeo mpaka akawa kanali. Machi 2009 jeshi la UPDF likamkamata Garamba, upande wa Kongo, akiwa na jeraha la risasi, akaletwa nyumbani, akatibiwa, akaishia gereza la Luzira. Januari 2010 akiwa humo ndani akatangaza kwamba ameachana na uasi na anaomba msamaha chini ya Sheria ya Msamaha ya 2000. Tume ya Msamaha ikapeleka ombi lake kwa DPP. Kimya. Badala ya jibu, Septemba mwaka huo huo akashtakiwa.

Sasa kwa msomaji ambaye hakukulia huku, hiyo Sheria ya Msamaha lazima uielewe vizuri, sio sheria ya makaratasi tu. Ilipiganiwa na watu wa kaskazini wenyewe, viongozi wa dini wa Acholi, kina Askofu Mkuu Odama, pamoja na wazee wa kimila, kwa hoja rahisi kwamba wengi wa walioko msituni ni watoto wetu waliotekwa, ukiwatisha na jela hawatatoka. Ikasema Mganda yeyote aliyeshika silaha dhidi ya serikali tangu 26 Januari 1986, akitoka na kuacha vita, hashtakiwi. Hapa kwetu West Nile tunaijua kwa mikono, waasi wetu wa WNBF na wale wa UNRF II waliosaini amani na serikali pale Yumbe Desemba 2002 wametembea na hivyo vyeti vya msamaha miaka yote, vimekunjwa kwenye nailoni, na ukimuuliza mzee yeyote aliyetoka porini atakuhesabia alichopewa siku ile, godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu, na shilingi 263,000. Zaidi ya watu 20,000 walipata cheti nchi nzima na LRA ndio walikuwa kundi kubwa. Wapo waliokuwa wakubwa kabisa, Kenneth Banya alikamatwa vitani 2004, hakuja mwenyewe kwa miguu, na akapata msamaha. Kwa hiyo huyu Kwoyelo naye aliposema "na mimi je?" hakuwa anaota.

Tatizo lake lilikuwa mahali alipokuwa. Ukitoka msituni mwenyewe unaripoti kwa mwanajeshi, polisi, chifu, kiongozi wa mtaa wa LC, hata padri, unaandikisha jina na safari inaanza. Lakini ukiwa tayari umefungwa, sheria inasema hutoki mpaka DPP athibitishe kwamba makosa yako yanaangukia ndani ya msamaha na kwamba huna kesi nyingine nje ya hapo. Hebu isome hiyo sehemu kwa makini. Inamwambia DPP achunguze na ajitahidi kuharakisha wanaostahili watoke, basi, siku ya mwisho ya kujibu haikuwekwa, na akikataa haikusema amwandikie mtu sababu. Na kuna kitu kingine watu hawakisemi, 2006 Bunge liliirekebisha sheria hiyo hiyo, likampa waziri uwezo wa kumtaja mtu kwa jina kwamba huyu hafai kusamehewa, kisha Bunge likubali. Hiyo ndo ilikuwa njia ya wazi, ya wabunge wa Acholi na Lango na Teso kusimama wakabishana mbele ya nchi. Kwoyelo hakutajwa kwa njia hiyo. Uamuzi ukatoka mezani kwa mtu mmoja, wakati huo DPP alikuwa Richard Buteera.

Julai 2011 kesi ikafunguliwa Gulu mbele ya kile kitengo cha Mahakama Kuu cha makosa ya kimataifa, kilichozaliwa na mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali na LRA. Mawakili wake, akiwemo Caleb Alaka, wakakimbilia Mahakama ya Katiba na hoja ya Ibara ya 21, usawa mbele ya sheria, kwamba DPP kawapitisha wengine kwa maelfu kwa nini huyu mmoja abaki. Tarehe 22 Septemba 2011 majaji wakakubaliana naye, wakasema kesi isimame. Watu Gulu walishangilia, wengine wakadhani ni wiki moja tu atarudi Pabbo. Wapi! Serikali ikakata rufaa. Januari 2012 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti, DPP akagoma, Kwoyelo akabaki Luzira. Hapo katikati, Mei 2012, serikali ikaiacha ile sehemu ya kutoa msamaha iishe muda wake kabisa, kelele zikapigwa, ikarudishwa mwaka uliofuata. Tarehe 8 Aprili 2015 ndo Mahakama ya Juu ikatoa hukumu, ya kuongoza ikiandikwa na Jaji Mkuu Katureebe, na ikageuza kila kitu. Ikasema msamaha unahusu makosa yaliyofanywa kuendeleza vita, kuua na kutesa raia wasio na hatia hakuendelezi vita yoyote, kwa hiyo DPP ana haki ya kuangalia kila faili na kuamua, na Kwoyelo hakuonyesha kwamba kuna mtu mwenye makosa kama yake aliyesamehewa.

Kisheria hiyo hukumu ina uti wa mgongo, mi siidharau. Lakini angalia imeacha nini mkononi mwa nani. Msamaha ambao Bunge liliutoa kwa mapana, sasa kila aliyefungwa anauomba kwenye dawati la DPP, na DPP ndo anapima lipi lilikuwa la kuendeleza vita na lipi halikuwa.

Na huyo DPP ni nani kikatiba? Ibara ya 120 ya Katiba ya 1995. Anateuliwa na Rais kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Umma, Bunge linaidhinisha, lazima awe na sifa za jaji wa Mahakama Kuu, na kumtoa ni kazi kama kumtoa jaji. Anaweza kuwaagiza polisi wachunguze, kufungua kesi korti yoyote isipokuwa ya jeshi, kuchukua kesi iliyofunguliwa na mtu mwingine, na kuzima kesi kabla ya hukumu, ingawa ile iliyofunguliwa na mwingine haizimi bila korti kukubali. Katiba inasema hapokei amri ya mtu wala mamlaka yoyote, ila lazima azingatie maslahi ya umma. Alafu kuna kakipengele kadogo ambako ndo kiini cha hii mada yote. Kuchunguza, kufungua na kuendeleza kesi anaweza kuwaachia maafisa wake, ndo maana kila wilaya ina wakili wa serikali, yule wa Amuru au wa Koboko anayepitisha mafaili ya wizi wa ng'ombe na ya watoto waliobakwa bila kupiga simu Kampala. Lakini kuzima kesi, hapana, hiyo Katiba imempa DPP peke yake binafsi. Yaani wilayani unaweza kufunguliwa, kuzimiwa ni Kampala tu. Na ukizungumza msamaha, hekima ya wazee, maridhiano, mato oput ile ibada ya Acholi ya kupatana, yote hayo ni mambo ya kuzima. Hapo ndo watu wa federo wana hoja ya kweli, tatizo wao wenyewe hawaielezi hivyo, wanaongea juu ya nani anateuliwa na ni kabila gani.

Haya, tufanye federo imekuja kesho asubuhi. Kwanza historia haiwasaidii sana. Katiba ya uhuru ya 1962 ilikuwa ya nusu federo, Buganda ikiwa na uhusiano kamili wa kifederali, na ilikuwepo hata Mahakama Kuu ya Buganda, lakini majaji wake walikuwa wale wale wa Mahakama Kuu ya Uganda. 1966 ikafutwa yote, 1967 tukawa jamhuri ya kituo kimoja. 2005 tukajaribu kuandika serikali za mikoa ndani ya Katiba, haikutekelezwa, na hata hiyo usalama na utulivu wa nchi viliachwa kwa serikali kuu. Majirani zetu Kenya wana kaunti 47 zenye magavana, mabunge na bajeti, na bado DPP ni mmoja chini ya Ibara ya 157. Kugatua barabara na zahanati ni kitu kimoja, kugatua uwezo wa kumfunga mtu ni kitu kingine kabisa.

Nchi zenye federo ya kweli wamegawa, ni kweli. Nigeria Katiba yao inampa mwanasheria mkuu wa shirikisho kesi za sheria za shirikisho na mwanasheria mkuu wa kila jimbo kesi za sheria za jimbo, kila mmoja anafungua, anachukua na anazima kwake. Ujerumani kila jimbo lina waendesha mashtaka wake na wizi, mauaji, ulaghai vinaishia huko. Sasa ndo uje kwenye Kwoyelo. Boko Haram kule Nigeria wanashtakiwa na shirikisho, kwa sababu ugaidi ni kosa la shirikisho. Ujerumani makosa ya kivita na ya kimataifa ni ya mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho aliyeko Karlsruhe, sio ya jimbo. Kwa hiyo hata tungekuwa na jimbo la Acholi lenye bendera na bunge na DPP wake, faili la kanali wa LRA anayeshtakiwa kwa makosa ya kivita lingepanda basi kwenda Kampala vile vile. Federo ingemgusa mwizi wa mbuzi Pabbo. Kwoyelo isingemgusa.

Na kama mnadhani natoa mifano ya mbali, tazameni hapa hapa nyumbani Afrika Mashariki. Zanzibar ina DPP wake kabisa, ametajwa kwenye Katiba ya Zanzibar, na Bara wana wa kwao. Wawili ndani ya nchi moja, ndo kitu watu wa federo wanachokiota. Lakini masheikh wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, walishtakiwa Dar es Salaam kwa sheria ya ugaidi, mawakili wao walilalamika weee kuhusu kuvushwa bahari, wakakaa mahabusu miaka na miaka mpaka Juni 2021 DPP wa Bara alipoondoa mashtaka. DPP wa kwao yupo, ofisi ipo, na kesi yao ikafunguliwa Dar na kuzimwa na mtu wa Dar.

Sasa nigeuze upande wa pili, tuseme kwa muujiza tumekubaliana DPP wa jimbo apewe hata makosa ya vita. Nani anamteua? Marekani huko kaunti nyingi wanamchagua prosekuta wao kwa kura, na mi nikifikiria hiyo kitu Uganda nacheka kwanza, mgombea wa uprosekuta anazunguka Kilak kule Amuru na sabuni na sukari kwenye buti ya gari. Lakini tuache utani. Mtu huyo akiketi Gulu na faili la Kwoyelo mezani, wapigakura wake ni akina nani? Ni waliokatwa midomo na waliotekwa, na ugumu wa Acholi ambao mtu wa Kampala haupati vizuri ni kwamba mara nyingi hao wako boma moja. Mama mmoja ana mtoto aliyeuawa na LRA na mwingine aliyetekwa akawa LRA. Kusema "watu wa kaskazini walitaka msamaha" kama vile ni mdomo mmoja, hiyo nayo ni Kampala nyingine tu. Wapo waliokwenda kwenye kesi hiyo hiyo kama wahanga, wakawa na mawakili wao, wakasubiri miaka ili wasikilizwe. DPP wa jimbo anayetaka kurudi ofisini uchaguzi ujao angefanya nini? Mi nadhani angefanya kile kile Buteera alichofanya mwanzoni, angenyamaza.

Alafu mipaka. LRA hawakujua mipaka ya majimbo. Atiak walikoua watu iko Amuru, Barlonyo walikoua pia iko Lango, na Dominic Ongwen aliyehukumiwa The Hague miaka 25 mwaka 2021, kambi alizopatikana nazo na hatia zilikuwa Pajule, Odek na Lukodi upande wa Acholi na Abok upande wa Lango. Adjumani huku kwetu walilia pia. Sasa DPP wa Acholi anamsamehe kamanda kwa kunywa mato oput, DPP wa Lango anamshtaki mtu huyo huyo kwa wiki hiyo hiyo, mtu akivuka kwenda Lira kununua simsim anakamatwa. Watu watasema itawekwa kamati ya uratibu, na mwenyekiti wake atakaa wapi kama sio Kampala?

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa federo wanalisahau kabisa, na linauma zaidi kuliko la Kwoyelo. Sisi tayari tuna waendesha mashtaka wawili. Nilisema juu Katiba inamtoa DPP kwenye korti za jeshi, kule jeshi linajiendeshea mashtaka lenyewe. Mzee wa Acholi akikuambia kesi hii ni ya upande mmoja ndo anachomaanisha, kanali wa LRA anaendeshwa miaka mbele ya umma, lakini askari wa serikali aliyefanya ubaya kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, kama alishtakiwa, alishtakiwa kwa wenyewe. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilizuia raia kushtakiwa kwenye korti za jeshi, vizuri sana, ingawa mwaka huo huo sheria ya jeshi ikarekebishwa kuwarudisha baadhi yao huko, lakini hukumu hiyo ilihusu raia kupelekwa jeshini, haikumpa DPP askari.

Kesi yenyewe iliishaje? Ilitambaa. Mashtaka yakabadilishwa na kuongezwa, majaji wakaahirisha, pesa zikakosekana, korona ikaingia, na mwisho akatakiwa ajitetee kwenye makosa 78. Tarehe 13 Agosti 2024 pale Gulu wakamkuta na hatia kwenye 44, matatu wakamwachia, 31 wakayafuta. Oktoba wakampa miaka 40, na ukitoa ile 15 aliyokaa mahabusu tangu 2009 inabaki 25. Kipindi chote hicho ofisi ya DPP ilipita kwa watu watatu, Buteera, Chibita, Abodo, na hakuna hata mmoja aliyewajibika kusimama mbele ya watu wa Pabbo akaeleza kwa nini huyu alishtakiwa na Banya akasamehewa. Labda kuna sababu nzuri tu. Banya alikamatwa, Kwoyelo alikamatwa, wote walikuwa makamanda, inawezekana ushahidi wa mmoja ulikuwa mzito kuliko wa mwingine. Lakini sheria haikumtaka mtu aiandike hiyo sababu na kuisaini.

Ndo maana mtu akinionyesha rasimu yoyote ya federo, mi kitu cha kwanza natafuta sio DPP wangapi. Natafuta nani anasaini kuzima kesi, ana siku ngapi za kujibu aliyeomba msamaha, akikataa anaandika sababu kwa nani, na korti ikimwamuru atoe cheti akagoma kinamkuta nini. Hayo manne ungeweza kuyaingiza hata kesho bila kugusa muundo wa nchi. Lile la cheti na siku za kujibu ni marekebisho ya Sheria ya Msamaha tu, Bunge linaweza kuyapitisha. Lile la kuzima kesi ndo gumu, liko ndani ya Katiba, lakini hata DPP wa Kampala akibaki na sahihi yake anaweza kulazimishwa kwanza amsikilize wakili wa serikali wa wilaya na wahanga wa wilaya. Federo au bila federo.

Na lipo la fidia. Desemba 2024 korti ile ile ya Gulu iliona Kwoyelo hana kitu cha kuwalipa wahanga, ikaamuru serikali ilipe, kwa sababu ilishindwa kuwalinda watu wake. Hapo sasa nawauliza ndugu zangu wa federo bila kejeli, kwenye hiyo Uganda yenu mpya, DPP wa jimbo akishinda kesi kama hii, bili inapelekwa hazina ya nani? Maana majimbo yaliyochomwa na vita ndo yale yale ambayo hayana pesa, na Kampala ikishaambiwa kushtaki sio kazi yake tena, sioni itakubalije kulipa.